Kabla hujapanda basi la Dar kwenda kusomea uhandisi wa umeme na kompyuta

Kijana wa Masasi, huku mkoani Mtwara, akifungua redio iliyokufa akairudisha ikiongea, mtaa mzima humwita injinia. Ufundi huo ni mwanzo mzuri, ila asidhani ndio atakaopimwa nao chuoni. Miaka ya mwanzo ya shahada hii ni hisabati kwa sehemu kubwa. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230 na mkondo wake hurudia mzunguko mara 50 kwa sekunde. Ukitaka kukokotoa kinachotokea umeme huo unapopita kwenye koili (waya uliosokotwa) na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji), utazihitaji namba changamano, zile zile ulizozisoma kidato cha sita ukijiuliza zina kazi gani. Kwa hiyo daftari la Hisabati usimgawie mdogo wako. Hata kama umeitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), zile wiki za kurudi nyumbani zitumie kupitia kalkulasi, vekta na namba hizo. Mhadhiri hatarudi nyuma kukusubiri.

Sifa za kujiunga zisome kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kozi kwa kozi. Kwa kawaida hutazamwa Fizikia na Hisabati ya Juu. Anayepitia stashahada huhitaji walau GPA (wastani wa alama) ya 3.0. Usichague kwa jina tu, kwani pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uhandisi wa umeme uko Mlimani na wa kompyuta uko Kijitonyama, na ni shahada mbili tofauti. Kama moyo wako uko kwenye transfoma na nyaya za msongo mkubwa, kozi ya kompyuta itakuchosha.

Sasa pesa, maana hapa ndipo familia nyingi za Kusini hubanwa. Minada ya korosho huanza Oktoba, na vyuo hufunguliwa Oktoba hiyo hiyo au Novemba. Mzazi anasema, "Subiri tuuze," chuo nacho kinasema lipa ndipo usajiliwe. Malipo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yanaweza kuingia baada ya dirisha la usajili kufungwa. Nauli, godoro na awamu ya kwanza ya ada vitengwe kwenye pesa ya msimu uliopita, au ufuta uuzwao katikati ya mwaka ubebe mzigo huo.

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) nao una makaratasi yake. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), na kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo vilevile. Waliozaliwa nyumbani wakaandikishwa ukubwani waanze mapema. Angalia majina pia: shuleni Hamisi, kwenye cheti Khamis. Kulirekebisha hilo dirisha la maombi likiwa wazi ni mbio na presha tupu.

Laptopu ya bei kubwa si lazima. Iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inatosha kuanzia, na programu kama LTspice (ya kujaribia saketi) na Octave (ya hesabu) hupatikana bure. Kabla ya hiyo, mimi ningenunua tesita ya dijitali (multimita) nikajifunza kupima betri na rezista. Mita kuu ya nyumbani na nyaya za ukutani usiziguse.

Jambo moja watu wa huku hulisahau ni mafunzo kwa vitendo. Wenzako wa Dar watagombania nafasi za mjini, wakati Mtwara kuna mtambo wa kusafisha gesi Madimba, kituo cha TANESCO kinachofua umeme kwa gesi, kiwanda cha saruji cha Dangote na bandari. Jua mapema ni ofisi gani hupokea barua za maombi, na ukija likizo ya kwanza nenda nayo mkononi. Kama kwenu ni karibu na hapo, utalala nyumbani na chakula utakula kwa mama, hivyo posho yote ibaki mfukoni.