SOMO: Kupima mistari ya shamba ili mvua isiondoke na udongo (Malindi na Magarini)

Mwezi wa Mei ukipita daraja la Sabaki, maji ni mekundu hadi baharini. Mto huo huanza ukiitwa Athi, ukawa Galana, ukafika kwetu ukiitwa Sabaki, na udongo unaobeba ndio umeusogeza ufuo wa Malindi mjini kuelekea baharini. Tumezoea kuwalaumu watu wa bara. Haya, na michirizi ya Langobaya, Jilore na Marafa huelekea wapi?

Somo hili ni la shamba lenye mteremko wa asilimia 3 hadi 20. Pakiwa chini ya hapo, kulima kwa kukingamisha na kufunika ardhi kunatosha. Jambo la kushika ni kwamba mitaro mingi huvunjika kwa sababu ilichorwa kwa macho. Mstari ukishuka sentimita kumi tu mahali pamoja, maji ya mtaro mzima hukusanyika hapo na kulipasua tuta, na badala ya michirizi midogo unapata korongo. Maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne.

Hatua ya 1: Fremu ya A

Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita 2 na kitu, moja ya mita 1.2, misumari ya inchi 3, uzi wa mwashi na jiwe la kiasi cha ngumi. Kusi likivuma, chupa ndogo iliyojaa mchanga hutulia zaidi. Pigilia fito ndefu pamoja kileleni, miguu ikae wazi mita 2 kamili, na fito fupi ikingame katikati. Funga jiwe kwenye uzi, uning'inie kutoka kileleni. Isimamishe na utie alama uzi unapogusa fito ya kukingama. Kisha igeuze, mguu wa kushoto ukae palepale ulipokuwa wa kulia, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Fremu ikianguka au ikilegea msumari, rudia zoezi hili kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Mteremko na nafasi

Shika kamba ya mita 10 ardhini upande wa juu, mwenzako aivute hadi kwenye fito iliyosimama wima upande wa chini, iwe sawa kwa pima maji ya fundi. Pima kutoka kamba hadi ardhi kwa sentimita, gawa kwa 10: ndiyo asilimia yako. Sentimita 50 ni asilimia 5. Pima mahali kadhaa, ushike pale panaposhuka zaidi.

Kisha gawa asilimia hiyo kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari, kwa mita. Kwa asilimia 5 ni karibu mita 1, sawa na mita 19 hadi 20 za kutembea. Asilimia 10 ni mita 13.5 za kutembea, asilimia 15 ni mita 11.5.

Hatua ya 3: Kuchora, kuanzia juu

Mstari wa kwanza ni wa juu kabisa. Anayeanza chini atapokea maji ya shamba zima juu ya tuta bichi. Weka mguu mmoja kwenye kigingi, zungusha wa pili hadi uzi ukae kwenye alama ya kati, piga kigingi, songa mbele. Ukimaliza, rudi nyuma uutazame mstari. Kigingi kilichoruka peke yake kisogeze kidogo ili mstari ulainike, lakini usiunyooshe uwe kama wa uwanja wa mpira. Mstari wa usawa hupinda ardhi inapopinda.

Hatua ya 4: Mtaro au nyasi?

Hapa udongo ndio unaoamua. Kwenye udongo mzito unaoshikana, chimba fanya juu: upana sm 60, kina sm 60, udongo wote utupwe upande wa juu. Kati ya ukingo wa mtaro na tuta acha ngazi ya sm 20 hadi 30, ukiisahau tuta hurudi mtaroni kwa mvua ya kwanza. Tuta libaki na kimo cha sm 40 hadi 50. Liongeze kidogo kwani litashuka likitulia. Ziba ncha zote mbili za mtaro, na ndani yake acha vizuizi vifupi vya udongo kila mita 5 hadi 10, maji yazame pale yalipo. Kila mita 100 ni mita za ujazo 36 za udongo, kwa hiyo chimba Januari hadi Machi, wala usijidanganye kwamba ni kazi ya siku moja.

Kwenye mchanga mwekundu wa Magarini usichimbe. Kuta zake humomonyoka zenyewe. Hapo weka ukanda wa nyasi wenye upana wa mita 1 kwenye mstari uleule, na juu yake ulaze mabua.

Hatua ya 5: Nyasi

Panda mvua ya mwaka (masika) inaposhika, si kabla. Vetiva: gawa shina vipande vya machipukizi 2 au 3, kata majani yabaki sm 20, panda kila sm 15. Mita 100 zitakula vipande karibu 670. Ukiacha mapengo makubwa kwa ubahili, maji yatapita humo humo. Nepia: vipande vya pingili 3, viwili ndani ya udongo, kila sm 30. Kwenye fanya juu nyasi hukaa juu ya tuta, si kwenye mdomo wa mtaro.

Hatua ya 6: Kati ya mistari

Mahindi, kunde na pojo vifuate mstari. Mwenye trekta mwambie kabla hajateremsha jembe, maana wengi hupenda kulima juu-chini. Mabua yasichomwe, tandaza hadi ardhi isionekane zaidi ya robo. Tone la mvua likipiga ardhi tupu huziba vitundu vyake, na maji hayazami tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Marafa): Shikamoo mwalimu. Maji yanayonimaliza si ya shambani kwangu, yanatoka kwenye kalvati ya barabara. Nichimbe fanya juu ngapi?

Jibu: Marahaba. Usichimbe hata moja kwanza. Unahitaji mtaro wa kukingia maji mpakani juu, nao huu usiwe sawa: ushuke sm 50 kila mita 100. Kwa fremu yako ya mita 2, weka kibao cha unene wa sm 1 chini ya mguu wa mbele, ule wa upande maji yanakoelekea, uzi ukikaa kati, umepata. Udongo wa mtaro huu tupa upande wa chini. Uishie mahali penye nyasi nzito, na jirani wa chini akubali kabla hujashika jembe. Korongo lililokwisha chimbika lizibe kwa magunia ya mchanga au mawe, ncha zikiingia ukutani sm 50, katikati pawe chini kuliko pembeni. Kizuizi cha chini kilingane kimo na kitako cha kile cha juu yake.

Swali (Ganda): Mbona nepia inanyima mahindi? Mistari miwili ya karibu imedumaa.

Jibu: Ina njaa kama mahindi yenyewe. Ikate ikifika mita 1, ulishe ng'ombe, na samadi irudi hapo. Ama panda kunde karibu nayo.

Mchango wa mwanachama (Kakuyuni): Mimi naona vetiva ni bora, mizizi yake huenda chini moja kwa moja.

Jibu: Kweli ndugu, na haisambai kwa mbegu. Lakini mwenye mbuzi na ng'ombe hushiba nini? Ikikomaa hawaipendi. Asiye na mifugo achague vetiva.

Swali (Jilore): Nina kipande kando ya Sabaki. Mstari wa mwisho niuweke wapi?

Jibu: Kanuni za Kenya hutaka ukanda usiolimwa wa mita 6 hadi 30 kando ya mto. Acha matete na miti iliyopo, mstari wako wa mwisho ukae juu ya ukanda huo.

Swali (Gongoni): Simu yangu ina programu ya kupimia usawa. Bado nihangaike na fito?

Jibu: Hangaika. Simu ikikosea nusu digrii, mstari unashuka karibu sm 9 kila mita 10, na hizo zinatosha kulipasua tuta.