Mkienda Kigoma wawili, angalieni mwezi kwanza

Wana Tabora mnaotaka kusherehekea kumbukumbu ya ndoa Kigoma, msing'ang'anie tarehe ya kwenye cheti. Pangeni safari iangukie usiku wa giza, siku chache kabla au baada ya mwezi kuandama. Sisi tulifika mbalamwezi imewaka, ziwa tupu, baba watoto akaishia kula kuku. Kuku, jamani, tuliowaacha wamejaa uani kwetu!

Sababu ni hii: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta juu, na migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa, huwafuata kuwala. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Usiku wa giza mnaona taa zimejipanga majini kama mji mwingine, na asubuhi samaki wabichi wanashushwa mwalo wa Kibirizi. Ombeni chumba kinachotazama ziwa; liko magharibi, hivyo jua mnaliona likizama kwenye milima ya Kongo, mnamo saa moja jioni. Chakula muwe mmeagiza mapema, mgebuka wa kuchoma hauna haraka.

Usiku wa giza hausaidii kukiwa na upepo mkali au mvua, maana mitumbwi haitoki. Wala ziwa likifungwa: mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa hiyo ulizeni mwenyeji kabla ya kukata tiketi ya treni.