Kumi Inayoshikika Mkononi: Kufundisha Makumi na Mamoja kwa Vijiti Katika Darasa Lenye Watoto Wengi

Nilimwita mtoto wa mwaka wa pili ubaoni, nikamwomba aandike kumi na saba, naye akaandika 107. Alikuwa amesikia vizuri. Alisikia "kumi", akaandika 10, kisha akasikia "saba", akaiandika 7 kando yake, akanigeukia akiwa na uhakika kwamba amepata. Kosa la namna hiyo haliondoki kwa kunakili 17 mara ishirini daftarini, kwa sababu mkono unaweza kunakili kwa usahihi huku kichwa kikiendelea kuamini jambo lingine. Linaondoka pale mtoto anapoona kwamba ile 1 ya kushoto ni vitu kumi vilivyofungwa pamoja vikawa kitu kimoja.

Mwalimu mwenzangu, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kazi hii inaweza kufanyika bila kununua karibu chochote, hata katika madarasa yetu ambayo yamejaa zaidi tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mnamo Septemba 2019. Ninaeleza hapa jinsi ninavyoifanya katika darasa la watoto 64 wenye umri wa miaka saba hivi, wanaokaa wanne wanne kwenye dawati.

Hatua ya kwanza: kukusanya vijiti

Kila kikundi cha watoto wanne kinahitaji vijiti 60. Kwa vikundi 16, hivyo ni vijiti 960, na hesabu hiyo inakuwa nyepesi ukimwomba kila mtoto alete vijiti 15 tu. Wape siku tatu. Vijiti viwe vya unene wa penseli na urefu wa kiganja cha mtu mzima. Matawi membamba ya mkaratusi yanafaa sana, na matete ya kando ya ziwa yanafaa pia yakikaushwa. Njiti za ufagio ni nyembamba mno na huvunjika siku ya kwanza. Mianzi iliyopasuliwa nimeikataza kabisa, kwa kuwa kingo zake hukata vidole. Kabla ya kuvigawa, sugua ncha za vijiti vyote kwenye jiwe mpaka ziwe butu, maana mtoto wa miaka saba akichoka kuhesabu huanza kumchokoza jirani yake, na jicho lipo karibu.

Wengine wataniuliza kwa nini nisitumie kokoto, wakati jiwe jeusi la volkano limejaa katika kila ua wa mji huu ambao uji wa moto wa Nyiragongo uliupitia tarehe 17 Januari 2002. Nilizitumia kwa muda. Kokoto zinafaa kwa kuhesabu moja moja, lakini haziwezi kufungwa pamoja. Kumi za kokoto hubaki kuwa kokoto kumi, na ukizitia katika kikopo, mtoto huona kikopo badala ya kumi. Maharagwe nayo ni chakula, na sioni vizuri kuyachezea mbele ya watoto ambao wengine wao wamekuja bila kula asubuhi.

Hatua ya pili: pete za mpira na ubao wa katoni

Tafuta mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli uliochakaa. Mafundi wa baiskeli na wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, huwa nao, na mara nyingi hutoa bure wakisikia ni wa shule. Ukate kwa mkasi kwa kukingama, kama mtu anayekata vitunguu vya majani, nawe utapata pete zilizokwisha kuwa tayari, kila moja ikiwa na upana wa nusu ya kidole. Pete moja inazunguka vijiti kumi vya unene wa penseli na kuvibana barabara. Kila kikundi kinahitaji pete sita, yaani 96 kwa darasa zima. Kata 120, kwa sababu zitapotea.

Kisha chukua kipande cha katoni kwa kila kikundi, upana wake kama daftari mbili zilizofunguliwa, ukigawe kwa mstari mmoja mnene wa mkaa katikati. Juu ya upande wa kulia andika MAMOJA, juu ya upande wa kushoto andika MAKUMI. Hakikisha watoto wote wanne wanakaa upande mmoja wa katoni. Wakikaa wakitazamana, wawili kati yao wataona makumi upande wa kulia, nawe utajenga kosa jipya ukiwa unaondoa la zamani. Mimi lilinichukua wiki nzima kugundua kwa nini kikundi cha mwisho kilikuwa kinageuza 34 kuwa 43.

Hatua ya tatu: sheria moja tu

Siku ya kwanza usiandike tarakimu hata moja. Weka vijiti vyote kando na uwape watoto sheria moja, waitamke kwa sauti mpaka waizoee: kumi zikitimia, zifungwe, zihamie. Halafu piga makofi. Kwa kila kofi, mtoto mmoja wa kikundi anaweka kijiti kimoja upande wa mamoja, na wote wanahesabu. Kofi la tisa likipita, nyamaza kidogo. Kofi la kumi likipigwa, mwenye zamu anavikusanya vyote kumi, anavifunga kwa pete, na kukihamisha kitita upande wa kushoto. Sasa uliza: "Upande wa mamoja mna ngapi?" Wengi watasema kumi. Waache waangalie wenyewe, kwa sababu upande ule uko wazi kabisa, na kimya cha darasa wakati huo kina thamani kuliko maelezo yangu yote. Endelea kwa makofi hadi 34 au 35. Mtoto mmoja afunge kila kitita kwa zamu yake, mwenzake avihesabu tena kabla ya pete kufika mwisho. Kitita chenye vijiti tisa au kumi na kimoja kitaharibu kazi ya wiki nzima, kwa hiyo msisitizo huo si wa bure.

Kuhusu jina, mimi husema "kitita". Nilianza kwa kusema "fungu la kumi", lakini watoto wetu wanalijua neno hilo kutoka kanisani, na kwao ni sadaka, yaani sehemu moja iliyotolewa kati ya kumi, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha ninachotaka waone.

Hatua ya nne: kutamka kabla ya kuandika

Hapa ndipo lugha ya nyumbani inapotusaidia kuliko tunavyokiri, nami naomba tukae hapa kidogo. Mtoto wa Goma husikia sokoni na nyumbani watu wakisema "makumi mbili", "makumi tatu". Walimu wengi humkemea na kumlazimisha aseme "ishirini" na "thelathini". Ni kweli kwamba ishirini ni Kiswahili sanifu na lazima alijue, lakini neno hilo halimwonyeshi chochote: ndani yake hakuna kumi wala mbili zinazosikika. "Makumi mawili na tano" linaeleza waziwazi kile kilicho juu ya katoni, vitita viwili kushoto na vijiti vitano kulia. Baadaye anapoingia katika Kifaransa, ugumu unaongezeka, kwa sababu onze, douze, treize mpaka seize (11 hadi 16) huificha kumi, na ni kuanzia dix-sept (17) tu ndipo kumi inaposikika vizuri. Bahati yetu ni kwamba huku Kongo tunasema septante (70) na nonante (90) kama Wabelgiji, hivyo mtoto wetu hapati taabu anayopata mtoto wa Ufaransa kwa sabini na tisini, ingawa quatre-vingts (80, yaani "ishirini nne") bado inatusubiri.

Kwa hiyo fanya hivi. Onyesha vitita viwili na vijiti vitano. Darasa liseme kwanza, "makumi mawili na tano". Kisha, "ishirini na tano". Mwisho, "vingt-cinq". Daima kwa mpangilio huo, kutoka kwenye neno linaloeleza hadi kwenye neno linalotaja. Fanya kwa namba nane au kumi kila siku, kwa siku tatu. Rudia zaidi namba za kumi na moja hadi kumi na tisa, kwa kuwa hizo ndizo zinazozaa 107.

Hatua ya tano: tarakimu na kadi ya sifuri

Sasa kata kadi ndogo za katoni zenye tarakimu 0 hadi 9. Kila kikundi kiwe na seti mbili, ili namba kama 33 iwezekane. Watoto wanapanga vijiti kwanza, kisha wanaweka kadi moja tu chini ya kila upande. Kadi moja tu: sheria hiyo ndogo ndiyo inayoizuia 107, kwa sababu nafasi ni mbili na hakuna mahali pa kuweka kadi ya tatu. Yule mtoto wa kumi na saba alikaa na kadi ya 1 mkononi kwa muda mrefu, akaigusa pete ya kitita chake, akaihesabu tena kumi iliyomo kwa ncha ya kidole, ndipo akaiweka kadi chini yake polepole. Sikumsaidia.

Usipite haraka kwenye ishirini. Vitita viwili kushoto, kulia hakuna kitu. Watoto wengi wataweka kadi ya 2 peke yake na kuacha upande wa kulia bila kadi. Iondoe katoni, ubaki na kadi tu juu ya dawati, kisha uliza ni ngapi. Watasema mbili. Rudisha katoni. Hapo wanaelewa wenyewe kwamba sifuri imewekwa pale kulinda nafasi, ili mbili ya makumi isidhaniwe kuwa mbili ya mamoja.

Hatua ya sita: kujumlisha na kutoa

Kujumlisha ni kwepesi kwa kuwa sheria wanaijua. Kwa 28 + 27, wanaunganisha mamoja 8 na 7, wanapata 15, wanafunga kumi na kuhamisha, wanabaki na 5. Vitita vinakuwa vitano, jibu ni 55.

Kutoa ndiko kunakohitaji subira. Chukua 32 − 17. Bila vijiti, watoto wengi wataandika 25, kwa sababu wakiona 2 juu na 7 chini wanageuza na kutoa 2 katika 7. Ukiwa na vijiti, ugeuzaji huo hauwezekani. Wamepanga vitita vitatu na vijiti viwili; mwambie mmoja akupe mkononi vijiti saba. Atatoa viwili, atasema, "Mwalimu, havitoshi." Jibu: "Katoni yako ina vijiti vingapi vyote kwa jumla?" Akisema 32, ataangalia vitita, na mara nyingi ni mtoto mwingine wa kikundi atakayeivuta pete. Pete ikivutwa, vijiti kumi vinamwagika upande wa mamoja, sasa viko 12. Vinatolewa 7, vinabaki 5. Kitita kimoja kati ya viwili vilivyobaki kinatolewa, kinabaki kimoja. 15.

Ninaomba tuache kusema "kukopa". Anayekopa hurudisha, na nimewahi kuulizwa na mtoto, kwa uso wa mtu aliyehangaika kweli, ile kumi italipwa lini. Sema "tunafungua kitita". Ndicho kinachofanyika.

Michoro huja baadaye: fimbo ndefu kwa kitita, nukta kwa moja, daftarini. Fedha ije mwisho kabisa. Noti ya faranga 500 haimwonyeshi mtoto noti tano za 100 zilizo ndani yake, kwa hiyo haifai kwa anayeanza, ingawa inafaa sana kwa aliyekwisha kuelewa.

Hatua ya saba: elfu moja

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma tarehe 6 Januari 1907, alitumia shanga zilizopangwa kuwa ufito wa kumi, mraba wa mia na mchemraba wa elfu. Sisi tunavyo vijiti. Mwishoni mwa mwezi, vikundi vyote vinaleta vitita vyao mbele. Vitita kumi vinafungwa kwa kamba kuwa kimoja kikubwa cha mia. Kwa vijiti 960 mnapata mia tisa, na vitita sita vinabaki sakafuni. Nawauliza tumepungukiwa na vingapi ili tufunge mia ya kumi. Mwaka huu jibu lilitoka nyuma ya darasa, makumi manne, na kesho yake asubuhi vijiti arobaini vilikuwa mlangoni kabla sijafika, ncha zake zimesuguliwa.