Barafu ya samaki ipondwe kwanza

Ukinunua samaki asubuhi pale Bagamoyo na una safari ya Dar, usimtupie bonge zima la barafu juu ukadhani baridi "itashuka" yenyewe. Baridi haiendi popote. Joto ndilo linalotembea, na lenyewe hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye cha baridi mpaka vilingane. Samaki ndiye anayeipa barafu joto, na hulitoa haraka pale anapogusana nayo. Bonge linamgusa sehemu mbili tatu tu. Kwingine kote ni hewa, na hewa ni mvivu wa kupitisha joto.

Basi lipondee ndani ya kiroba kwa mchi. Tandaza chini ya deli, laza changu wako, mjaze na tumboni ulikotoa matumbo, halafu mfunike. Ikianza kuyeyuka usisikitike: kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kutosha kupandisha kilo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Deli langu mimi nalizungushia kanga kuukuu, maana joto la nje nalo linatafuta pa kuingilia.