Mpagazi wa Kahe, sentimita tano

Maboksi ya visanamu vya vita yamejaa wanajeshi wa Kizungu. Mpagazi hutamkuta humo, na mapigano ya Kahe kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 21 Machi 1916, hapa hapa kusini mwa Moshi, yasingewezekana bila yeye. Kwa hiyo kwenye diorama yangu, yaani mandhari ndogo ya visanamu, naanza naye.

Tafuta kisanamu cha kipimo cha 1/35 kinachotembea. Mtu mzima anakuwa na sentimita 5 hivi. Kofia ya chuma, mikanda na mifuko uiondoe kwa wembe, kisha upige msasa laini. Shuka ya kiunoni ni tishu iliyolowekwa kwenye gundi ya mbao. Ngozi usiipake nyeusi tupu: changanya kahawia na nyekundu kidogo.

Kazi iko shingoni. Askari wa plastiki ameinama kama anayevamia, ila mwenye kilo 25 kichwani hatembei hivyo. Shingo yake imesimama wima, mabega yamelingana. Kata kichwa, toboa pande zote mbili kwa sindano ya moto, upitishe kipande cha waya wa klipu ya karatasi, ndipo uzibe kwa epoksi ya kukanda. Wa kwanza nilimwekea gundi tu. Nilipomtwika sanduku, kichwa kikaanguka mezani.

Halafu ngata. Nilimwomba mama aikunje kanga mbele yangu nione inavyosokotwa. Sokota uzi wa pamba, uzungushe kwenye njiti ya kiberiti, upake gundi, uuchomoe. Kabla haujakauka, kandamiza sanduku la kadibodi juu yake, ngata ibonyee. Bila huko kubonyea mzigo unaonekana mtupu.

Askari wa upande wa Wajerumani huvaa kofia ya kaki yenye kitambaa cha kufunika kisogo. Kitengeneze kwa epoksi. Baadhi yao walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi. Chambua pamba kidogo, ubandike mdomoni mwa bunduki.

Udongo niliuchota Kahe kwenyewe, nikauchekecha kwa kichujio cha chai. Nyasi ni katani, milimita 5 hadi 8.

Mzinga uliotolewa kwenye Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, ulikuwepo Kahe, na Wajerumani waliuharibu waliporudi nyuma. Nimeuweka nyuma kabisa, nusu umefichwa na mgunga. Mbele, kwa mstari mmoja, wanapita wapagazi tisa.