Kununua parseli Lubumbashi: maneno ya karatasi na maana yake, hatua kwa hatua

Ndugu zangu wanachama wa kikundi chetu, toka Katuba mpaka Ruashi tunapatana bei kwa Kiswahili na tunagombana kwa Kiswahili, lakini karatasi ya parseli, yaani kiwanja, imeandikwa Kifaransa mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Marehemu baba alilipa parseli yake ya kwanza mbele ya mashahidi wanne, akapewa karatasi yenye mihuri mitatu, akaitunza ndani ya sanduku la nguo miaka mingi. Muuzaji alipofariki, watoto wake walikuja na sertifika, ile karatasi kubwa ya Serikali, ambayo ilikuwa bado kwa jina la baba yao. Tulihama. Kwa hiyo maneno haya nimeyajifunza kwa machungu, na sitaki mwingine ayajifunze hivyo.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Hununui udongo. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 53, inasema udongo wote ni mali ya Serikali na hauwezi kuuzwa. Unachonunua ni nyumba, pamoja na haki ya kutumia kile kipande ilipojengwa. Haki hiyo ndiyo utaona imeandikwa "concession". Ikiwa "concession perpétuelle", haina mwisho, na hupewa Mkongomani peke yake, tena mtu, si kampuni. Ikiwa "concession ordinaire", ina muda, kwa kawaida usiozidi miaka 25, na unaweza kuongezwa. Kwa hiyo ukinunua nyumba kwa mgeni au kwa kampuni, uliza kwanza imebaki miaka mingapi.

Hatua ya 2: Pima nguvu ya kila karatasi

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo komisioneri (madalali) wengi wanapotuzungusha.

Karatasi ya shefu wa kartye (mkuu wa mtaa) au ya chifu wa kijiji inaonyesha kwamba anakufahamu kama mkaaji wa pale. Upande wa komine Annexe watu wengi wana hiyo tu. Haikupi haki ya kudumu, hata ikiwa na mihuri kumi.

"Acte de vente" ni mapatano kati yako na muuzaji. Ni ya lazima, na ni vizuri ipite kwa notere, ofisa anayethibitisha mapatano, lakini inawafunga ninyi wawili tu. Baba yangu alikuwa na hiyo.

"Contrat de location" inawachanganya wengi, kwa sababu neno "location" tunalijua kwa nyumba za kupanga. Kwenye karatasi ya ardhi maana yake ni kwamba Serikali imempa mtu kiwanja kwa muda, kwa kawaida usiozidi miaka mitatu, ili akijenge kwanza. Kujenga huko kunaitwa "mise en valeur". Mtu mwenye karatasi hii yuko njiani, hajafika.

"Certificat d'enregistrement", yaani sertifika, ndiyo yenyewe. Kifungu cha 219 cha sheria ile ile kinasema haki ya kutumia ardhi inasimama kwa sertifika tu. Inatolewa na "conservateur des titres immobiliers", ambaye sisi tunamwita konsevateri, na nakala yake inabaki ndani ya kitabu chake.

Hatua ya 3: Isome sertifika kwa kidole

Juu kabisa tafuta "Vol." na "Folio". Hizo namba zinaonyesha ni kitabu gani na ukurasa gani. Ziandike, nenda nazo kwa konsevateri, uombe waangalie kama ukurasa huo una jina lile lile. Usitosheke na fotokopi uliyoonyeshwa ndani ya gari.

Kisha angalia ukubwa. Utakuta kitu kama "05 ares 00 centiares". Are moja ni mita 100 za mraba, na santiare moja ni mita 1 ya mraba. Basi ares 5 ni mita 500, sawa na 20 kwa 25. Chukua mita ya fundi, pima mwenyewe. Ukipata 20 kwa 18, kuna mtu amekula sehemu, au sertifika si ya parseli hiyo.

Mwisho tafuta neno "hypothèque". Maana yake nyumba imewekwa rehani kwa deni. Rehani inafuata nyumba, haimfuati aliyekopa. Ukinunua bila kuiona, umenunua na deni.

Hatua ya 4: Tafuta borne

Borne ni zile nguzo fupi za beto (zege) zinazopandwa kwenye kona. Usikubali mtu akuonyeshe kwa mkono tu, "inaishia pale kwenye mwembe". Mimi niliposindikiza dada yangu kuangalia kiwanja, tulikuta borne tatu. Ya nne ilikuwa upande wa kichuguu, na watu walikuwa wamekichimba chote kufyatulia matofali. Borne ilikuwa imelala mita sita kutoka kwenye shimo lake, chini ya matofali ya kuchoma. Hatukulipa mpaka mpimaji wa kadastre, ofisi ya kupima viwanja, alipokuja kuirudisha.

Hatua ya 5: Lipa, halafu usirudi kulala

Fanya "mutation", sisi tunasema mitasio. Ni kubadilisha jina ndani ya kitabu cha konsevateri: sertifika ya zamani inafutwa, wewe unapewa mpya. Ina gharama zake. Zipatane na muuzaji kabla ya kutoa dola hata moja, na ukiweza bakiza sehemu ya bei mpaka mitasio iishe.

Maswali ya wanachama

*Mama wa komine Kenya, hapa Lubumbashi:* Bwana yangu anataka kuuza nyumba na anasema jina kwenye sertifika ni lake peke yake. Anaweza?

Hapana, mama. Kanuni ya jamaa, kifungu cha 499, inataka mapatano ya bwana na bibi wote wawili, hata kama jina ni la mmoja. Na wewe unayenunua, usilipe mpaka bibi wa nyumba naye atie sahihi.

*Kijana wa Kampemba:* Yaya, nimepata sertifika yangu mwaka huu. Mtu akija kudai, je?

Aliyeonewa anaweza kuomba korti iifute ikiwa ilipatikana kwa hila au kwa makosa, lakini ana miaka 2 tu tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Ikipita, anaweza kudai fidia, si nyumba. Tunza vizuri kila risiti ya malipo.

*Papa wa Ruashi:* Kaka yetu mkubwa anauza nyumba ya marehemu mzee. Anasema yeye ndiye kichwa cha familia.

Papa, ukubwa haumpi nyumba. Watoto wote wa marehemu ni warithi, na mama yenu akiwa hai ana haki zake katika nyumba aliyokuwa anakaa. Mwandikieni konsevateri haraka kwamba kuna mgogoro, kisha mwende korti.

*Dada wa Katuba:* Mimi sinunui, ninapanga tu. Mwenye nyumba anataka garantie, yaani pesa za dhamana, ya miezi sita.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji inaweka mwisho wa miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Najua watu wanaomba zaidi kila siku. Mwonyeshe sheria kwa upole, dada, na kila unachotoa kiandikwe kwenye "contrat de bail" yenye sahihi zenu wote wawili, pamoja na hali ya vioo, milango na kufuli siku unayoingia.