Damu ya Ghafla Hedhi Inapokoma na Baada ya Kukoma: Namna ya Kuichukulia

Anza na kalenda. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, mara nyingi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ikirudi baada ya miezi minane, bado uko kwenye mpito wa kukoma hedhi na hesabu inaanza upya. Ikitoka baada ya mwaka kutimia, hata tone moja la kahawia kwenye chupi, usiseme hedhi imerudi. Hiyo ni damu ya kupimwa.

Wakati wa mpito, mizunguko kuruka au kubadilika urefu ni kawaida. Si kawaida damu kutoka katikati ya mizunguko, kutoka baada ya tendo la ndoa, kuzidi siku 7, au kurudi kabla ya siku 21. Pima mimba pia, kwani bado inawezekana kushika. Pedi ikilowa ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, au ukisikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kabla ya kwenda kliniki, hakikisha damu inatoka wapi. Jifute kwa tishu tofauti: baada ya kukojoa, ukeni, na baada ya haja kubwa. Bawasiri na maradhi ya kibofu huwadanganya wengi. Andika tarehe, idadi ya pedi, na dawa zote unazotumia: za kuzuia damu kuganda, tamoksifeni ya saratani ya matiti, homoni, hata miti shamba. Taja pia kitanzi cha zamani ambacho hakikutolewa. Kinaweza kuwa ndicho chanzo. Usiweke shabu wala kitunguu saumu ukeni, na usijioshe ndani: vinachubua na kuvuruga vipimo. Damu ikikata kabla ya miadi, nenda vilevile.

Kati ya wanawake kumi wanaotoka damu baada ya kukoma hedhi, takriban mmoja hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Wengine huwa na ukuta wa uke uliokonda kwa kupungua homoni, vinyama vilivyoota ndani, uvimbe, au ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ulionenepa. Unene wa mwili na kisukari huongeza hatari. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake Tanzania, nayo hujitokeza kwa damu kama hii.

Hapa ndipo wengi hukwama: wanapimwa kwa kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi, wanaambiwa wako salama, wanarudi nyumbani. Kipimo cha siki kinaangalia mlango wa kizazi tu. Tena baada ya kukoma hedhi, sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imejivuta ndani, hivyo jibu zuri halitoshi. Omba kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, au cha seli za mlango wa kizazi, pamoja na altrasaundi ya kupitia ukeni. Hiyo hufanywa kibofu kikiwa kitupu. Ile ya tumboni huhitaji kibofu kilichojaa na haioni vizuri kama hii.

Uliza unene wa ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kwa milimita. Ukiwa 4 au chini ya hapo, na damu imetoka mara moja tu, daktari anaweza kusubiri na kufuatilia. Ukizidi 4, au uvimbe ukizuia kuupima, kipande kidogo cha ukuta huo kichukuliwe kikapimwe maabara. Damu ikijirudia, kichukuliwe hata kama ukuta ni mwembamba.

Kipande hicho huchukuliwa kwa mrija mwembamba, dakika chache, kwa maumivu kama ya hedhi kali. Kama huna vidonda vya tumbo, tatizo la figo wala dawa za kuzuia damu kuganda, ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla husaidia. Mlango wa kizazi ukiwa umebana, utasafishwa kizazi ukiwa umepewa dawa ya usingizi. Kusafishwa peke yake si tiba ya kumaliza jambo: hakikisha kilichotolewa kimeingia kwenye chupa ya fomalini (dawa ya kuhifadhi) yenye jina lako na kimepelekwa maabara, kisha ufuatilie jibu mwenyewe.

Ukuta wa uke uliokonda hutibiwa kwa krimu ya homoni, vinyama hutolewa, na saratani ikiwahiwa, mara nyingi kizazi huondolewa. Damu ikitoka tena baada ya matibabu, vipimo vinarudiwa tangu mwanzo. Majibu ya mwaka jana hayatumiki.